Karl Jansky na mvumo aliokataa kuupuuza

Wiki hii nataka nimzungumzie mtu aliyefariki kabla wengi wetu hatujazaliwa, lakini jina lake hutamkwa kila siku na wanafalaki wa dunia nzima, kwa sababu limegeuzwa kipimo, kama vile kilo au lita. Aliitwa Karl Guthe Jansky, Mmarekani, mhandisi wa redio. Hakuwa mwanafalaki, wala hakuwa na darubini. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya simu, na kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta chanzo cha kelele.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa elimu ya falaki hapa Pwani siku hizi tunaikumbuka mara mbili kwa mwaka, tunapobishana kuhusu mwandamo wa mwezi. Siku nyingine zote tumewaachia wapiga ramli, na hao wameichafua hadi mtoto akisema anataka kusoma nyota, mamake anashtuka. Ya pili ni kuwa maisha ya mtu huyu yanatuuliza swali zito: kijana akigundua jambo kubwa ndani ya kazi yake ndogo, nani atampa muda na chombo cha kuliendeleza?

Jansky alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1905 katika mji wa Norman, Oklahoma, wakati ambapo Oklahoma haijawa bado jimbo kamili la Marekani. Baba yake alikuwa mwalimu wa uhandisi chuo kikuu, na jina la Guthe alilompa mwanawe lilikuwa la profesa aliyemfundisha yeye fizikia. Baadaye familia ilihamia Madison, Wisconsin, na huko ndiko Karl alikosoma. Alipata shahada ya fizikia mwaka 1927 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, akabaki mwaka mmoja zaidi akiendelea na masomo. Alikuwa kijana mwepesi, akicheza mpira wa magongo wa kwenye barafu katika timu ya chuo. Lakini mwilini alikuwa na maradhi ya figo, yale yasiyopona, na yalimwandama mpaka mwisho.

Alipoomba kazi katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell mwaka 1928, wakubwa walisita kwa sababu ya afya yake. Kaka yake mkubwa, ambaye tayari alikuwa mhandisi wa redio mwenye jina, akazungumza nao, na wakakubali. Najua wengine watasema hayo ni mambo ya kujuana. Huenda. Lakini ziko nafasi nyingi zilizopatikana kwa kujuana na hazikuacha faida yoyote, na hii moja ilimfungulia binadamu dirisha jipya la kutazama mbingu. Akapelekwa kufanya kazi mashambani, New Jersey, ambako ilidhaniwa hewa ingemfaa, na mwishowe akatulia mahali paitwapo Holmdel.

Ili tuelewe kazi yenyewe, tukumbuke simu za zama hizo. Mwaka 1927 ndipo simu ya kulipia kati ya New York na London ilipoanza, na haikupita kwenye waya chini ya bahari. Sauti ilirushwa kwa redio. Dakika tatu za kwanza ziligharimu dola 75, pesa nyingi mno kwa siku hizo. Mtu aliyelipa kiasi hicho hakutaka kusikia mikwaruzo badala ya sauti ya mwenzake. Kampuni ilikuwa inahamia kwenye mawimbi mafupi, yale yale ambayo wazee wetu walizoea kuyatafuta usiku kwa kuzungusha kitasa cha redio ya betri, wakipata London dakika moja na mvumo mtupu dakika ya pili. Jansky akaambiwa: tafuta kelele hizi zinatoka upande gani, ili tujue antena zetu tuzielekeze wapi.

Basi akajenga antena yake. Ilikuwa fremu ya mbao na mabomba ya shaba, urefu wake karibu mita 30, ikikaa juu ya magurudumu manne ya gari la Ford Model T. Mota ndogo iliizungusha polepole, duara moja kila baada ya dakika 20, na wenzake wakaiita kwa utani pembea ya Jansky, kama zile pembea za watoto za kuzunguka siku ya Idi. Ilipokea mawimbi ya urefu wa mita 14.6. Ndani ya kibanda karibu na hapo, kalamu ilichora kwenye karatasi ndefu nguvu ya kelele iliyoingia, saa baada ya saa, mchana na usiku.

Miezi ilipita, na karatasi zikaonyesha makundi matatu. Kundi la kwanza lilikuwa radi za karibu. La pili lilikuwa radi za mbali, ambazo mawimbi yake hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini. Mpaka hapo kazi ya kampuni ilikuwa imekaribia kwisha. Lakini kulikuwa na kundi la tatu: mvumo hafifu, wa kuendelea, usiopasuka kama radi, unaopanda na kushuka kila siku. Haukuwa na madhara makubwa kwa simu. Mtu mwingine angeandika kwenye ripoti kwamba kuna kelele kidogo ya chanzo kisichojulikana, akafunga jalada, akaenda nyumbani.

Jansky hakufunga jalada. Mwanzo, majira ya baridi ya mwisho wa 1931, alidhani mvumo ule unatoka kwenye jua, kwa kuwa ulikuwa na nguvu zaidi upande ule ule jua lilipokuwa. Kisha wiki zilivyopita, mvumo na jua vikaachana. Kila siku kilele cha mvumo kilikuja mapema kidogo kuliko jana yake. Kufikia katikati ya 1932 haikuwezekana tena kulisingizia jua.

Hapa ndipo ninapotamani manahodha wetu wa zamani wangekuwapo Holmdel, kwa sababu wao wangelitambua jambo hili mara moja. Aliyepima misimu kwa Kilimia anajua kuwa nyota hazifuati saa ya jua. Kila siku nyota huchomoza mapema kwa takriban dakika nne kuliko jana. Kwa siku moja tofauti haionekani. Kwa mwezi ni saa mbili. Kwa miezi mitatu ni saa sita, na mwaka ukitimia nyota zinarudi pale pale. Ndiyo maana Kilimia kina msimu wa kuonekana na msimu wa kupotea. Sababu ni kuwa dunia, pamoja na kujizungusha yenyewe, inalizunguka pia jua. Siku ya jua ina saa 24. Siku ya nyota ina saa 23 na dakika 56.

Jansky hakuwa amesoma falaki, lakini alikuwa na rafiki kazini, Albert Skellett, aliyekuwa akiisomea Princeton. Kwa msaada wake akafungua vitabu, akapiga hesabu upya. Jibu likawa wazi: mvumo ulikuwa unafuata siku ya nyota. Maana yake haukutoka duniani, wala kwenye jua, wala kwenye sayari yoyote. Ulitoka mahali palipotulia kati ya nyota, upande wa buruji ya Kausi, ambako ndiko kitovu cha Njia Nyeupe kilipo, ule mkanda wa mwanga tunaouona usiku wa giza tukiwa mbali na taa za mjini. Na hapo ndipo lilipoeleweka lile kosa la mwanzo: kila Desemba jua huwa limesimama upande huo huo wa Kausi.

Leo tunajua kitovu hicho kiko umbali wa kama miaka 26,000 ya mwendo wa mwanga. Na baada ya miaka mingi wanasayansi walieleza kinachovuma: ni elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga, zikizunguka katika nguvu za sumaku zilizotanda kati ya nyota. Jansky mwenyewe hakufika kwenye maelezo hayo. Alichofanya ni kusema kwa uhakika kelele inatoka wapi, na hicho ndicho alichoajiriwa kufanya.

Aprili 1933 alisoma matokeo yake mbele ya mkutano wa wataalamu Washington, chini ya kichwa cha maneno kilichofichwa kwa unyenyekevu mno, kwa kuwa bosi wake, Harald Friis, hakutaka madai makubwa. Waliosikiliza hawakutikisika. Lakini tarehe 5 Mei gazeti la New York Times likaiweka habari hiyo ukurasa wa mbele, na likawatuliza wasomaji kuwa hakuna dalili kwamba ni ujumbe wa viumbe wengine. Siku kumi baadaye, shirika la utangazaji la NBC likaunganisha laya ya simu hadi Holmdel na kuupeperusha mvumo ule hewani. Watu waliokaa sebuleni mwao, waliozoea taarabu za kwao na mahubiri, wakasikia sauti kama mvuke unaotoka kwenye birika. Walikuwa wanasikiliza Njia Nyeupe.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Tunaambiwa siku hizi kwamba sayansi lazima ifikishwe kwa wananchi, na taasisi kubwa zina idara nzima za kazi hiyo. Mwaka 1933 ilifanyika bila idara yoyote, na ilifanyika vizuri: watu hawakuhubiriwa, walisikilizishwa kitu chenyewe. Hata hivyo sifa za wiki moja hazikuleta chombo kipya wala saa moja zaidi ya kazi.

Jansky alikuwa na mawazo ya hatua inayofuata. Alitaka kujenga dishi la upana wa mita 30 ili aipime mbingu vizuri zaidi. Mwaka 1935 alichapisha makala nyingine iliyoonyesha kuwa mvumo hautoki kitovuni tu, bali kwenye mkanda mzima wa Njia Nyeupe. Baada ya hapo akapewa kazi nyingine. Marekani ilikuwa imelemewa na mdororo wa uchumi, kampuni ilikuwa inabana matumizi, na kwa upande wa simu jambo lilikuwa limekwisha: mvumo wa nyota haukuweza kuzuiwa, basi hapakuwa na la kufanya. Barua alizomwandikia baba yake zinaonyesha mtu aliyetamani kuendelea na akakosa nafasi. Friis naye, miaka mingi baadaye, alishikilia kuwa kijana wake hakuwahi kumwomba aendelee.

Wote wawili ni marehemu, na mimi sipendi kumhukumu asiyeweza kujitetea. Wala sioni ubaya wa makusudi hapo. Kampuni ilikuwa na swali lake na ililipatia jibu. Lakini swali la Jansky lilikuwa ndiyo kwanza linaanza, na hapakuwa na mtu mwenye wajibu wa kulilea. Wanafalaki wenyewe, wenye darubini na vyeo, hawakuwa na habari na redio. Mambo ya waya na antena waliyaona ni ya mafundi. Mafundi nao waliona nyota ni mambo ya maprofesa. Jambo likaanguka katikati, kama mtoto wa wajomba wawili ambao kila mmoja anadhani mwenziwe amemlisha.

Aliyeliokota alikuwa kijana mmoja wa Wheaton, Illinois, aitwaye Grote Reber. Alisoma makala za Jansky, akaomba kazi Bell, akakosa. Basi mwaka 1937, akiwa na miaka 25, alijenga kwa pesa zake dishi la upana wa zaidi ya mita tisa uani kwao. Mchana alikwenda kazini, usiku alisikiliza mbingu. Majaribio yake mawili ya kwanza hayakutoa kitu. La tatu ndilo lililofaulu. Kwa karibu miaka kumi hakuna mtu mwingine duniani aliyeifanya kazi hiyo, na ramani zake za mbingu ndizo zilizowaamsha wanafalaki.

Jansky wakati huo alikuwa yuko yuko kazini, akitumika katika mambo mengine ya redio. Vita vya pili vilipozuka, alifanya kazi ya kubaini mahali zilipo nyambizi za Ujerumani kwa kufuata mawimbi ya redio zao, na akapewa hati ya sifa na jeshi. Alikuwa na mke na watoto wawili. Figo ziliharibika, shinikizo la damu likapanda, na tarehe 14 Februari 1950 akafariki kwa kiharusi, mwenye umri wa miaka 44. Niko katika miaka hiyo ya arubaini, na kila nikiisoma tarehe hiyo napiga hesabu zangu.

Heshima zilikuja baadaye, kwa wingi. Mwaka 1956 ilianzishwa taasisi ya taifa ya Marekani ya falaki ya redio, NRAO, na tangu 1966 ina mhadhara wa kila mwaka wenye jina la Jansky. Mwaka 1973 wanafalaki wa dunia walikubaliana kuwa kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio kutoka mbinguni kiitwe jansky. Ni kipimo kidogo ajabu: ukikiandika kwa wati, baada ya nukta unaweka sifuri 25 ndipo ufike kwenye moja. Mwaka 1998 Bell iliweka mnara wa kumbukumbu pale Holmdel, mahali pembea yake ilipozunguka.

Holmdel hapo hapo, mwaka 1964, wafanyakazi wengine wawili wa Bell, Arno Penzias na Robert Wilson, nao walikutana na mvumo wasioweza kuueleza. Wao walipewa nafasi ya kuufuatilia hadi mwisho. Ulikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, na mwaka 1978 wakapata tuzo ya Nobel. Kampuni ni ile ile na mji ni ule ule. Lililobadilika ni kuwa safari hii mtu wa kusikiliza aliachiwa asikilize.

NRAO ina darubini kubwa New Mexico, madishi 27, kila moja la upana wa mita 25, yakifanya kazi kama jicho moja. Ilipotaka kuipa jina jipya, haikufungia wakubwa chumbani. Iliwauliza wananchi, na mapendekezo zaidi ya 23,000 yakaja kutoka nchi nyingi. Mwaka 2012 ikaitwa kwa jina la Karl Jansky. Na katika kituo cha Green Bank, West Virginia, mgeni yeyote, awe mwanafunzi au mkulima, anaweza kuingia na kuiona nakala ya antena ya Jansky, na karibu yake dishi lenyewe la Reber. Huzungushwa kwa magari ya dizeli, kwa sababu cheche za plagi za petroli zingeisumbua darubini.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mbingu kwa miale ya eksirei. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru, na jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya falaki mpaka leo. Kenya pia ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizojiunga na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa ya redio, SKA. Ghana, mwenzetu katika mradi huo, ilichukua dishi kuukuu la simu za satelaiti pale Kuntunse, la upana wa mita 32, ikaligeuza darubini na kulizindua mwaka 2017. Longonot kuna madishi ya aina hiyo, na yametajwa mara nyingi katika mipango. Chombo cha simu kugeuka sikio la nyota: Jansky angefurahi.

Lakini chombo bila mtu ni chuma tu. Vijana wetu wanaofungua redio na simu vibarazani, Mombasa, Lamu, Kilifi, wana mikono na wana udadisi. Ninachowaomba wanaoshika madaraka ya elimu katika kaunti zetu, na walimu wa madrasa pia, ni mambo ya kawaida. Falaki irudi darasani kama hesabu na kama tazamo, si kama utabiri. Wanafunzi wapelekwe Malindi wakaambiwe Uhuru ilirushwa kutoka wapi na iliona nini. Na mwajiri au mwalimu anayeletewa na kijana karatasi yenye mstari mmoja usioeleweka, asimwambie arudi kwenye kazi aliyotumwa kabla hajamuuliza ameuona mara ngapi, saa ngapi, na upande gani.

Wabillahi tawfiq.